Maembe ya Kibirichia

Jumatatu, 7 Julai 2025

Siku kubwa! Miembe imefika! Mitatu, kila mmoja ndani ya pipa lake, kutoka Gachoka, kule Mbeere kwenye joto, kwa wakwe zangu. Ina matunda kumi na moja, kila moja kama yai. Nimeyahesabu mara nne.

Kibirichia haijawahi kuona mwembe. Hapa ni viazi, kabichi na baridi ya kung'oa meno. Lakini kivungulio changu, nyumba ya kutunza joto, kiko tayari: nguzo za mikaratusi, nailoni nzito, hita ya stima, na kidhibiti joto nilichokitoa kwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Baridi ikiingia, hita inajiwasha. Joto likizidi, inajizima. Sayansi!

Mke wangu Igoki ameuliza viazi vitapandwa wapi, maana kivungulio kimekalia shamba lake. Nimemwambia asifikirie kama mtu wa viazi. Akachukua jembe, akatoka. Nadhani amevutiwa.

Jumatano, 9 Julai

Jirani yangu Gitobu amekuja kuchungulia. Eti Mungu aliweka maembe Mbeere na viazi hapa, na hakukosea. Huyu ndiye Gitobu ambaye kabichi yake imeshinda miaka mitatu mfululizo katika Jumapili ya mavuno.

Mdomo wangu ukajisemea wenyewe. Nikamwambia tarehe ishirini na saba, siku ya mavuno, nitaweka maembe mabivu madhabahuni. Akaenda moja kwa moja kumwambia mchungaji. Tayari nimewekwa kwenye ratiba!

Kidhibiti kimekwama kwenye nyuzi thelathini na saba, joto la vifaranga. Nimekigonga na kijiko. Hakisogei. Heri! Embe lapenda joto. Tukizidisha joto, litaiva haraka.

Jumamosi, 12 Julai

Balaa. Mama mkwe yumo ndani!

Mama Ciakuthii yuko kwetu tangu Mei, alipovunjika mguu. Mguu umepona, lakini baridi yetu imemshinda. Anakula uji vijiko viwili, anasukuma bakuli. Igoki amekonda kwa wasiwasi. Leo nimefungua kivungulio, namkuta amekalia kigoda changu, kavua shuka, miguu ndani ya karai la maji moto.

Nilirudi nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mkwe haingii mahali mama mkwe ameanika miguu! Nimesimama nje kwenye ukungu masaa matatu. Ndani alikuwa anaimba.

Jumanne, 15 Julai

Matunda manne yameanguka. Yamebaki saba.

Mama mkwe haongei nami ana kwa ana, wala mimi naye. Heshima. Basi leo ameongea na miembe, kwa sauti ya kufika barabarani. "Nyinyi miembe, mwambieni mwenye nyumba afungue upande mmoja mpate hewa. Mnapikwa!"

Nikajibu kupitia nailoni. "Nyinyi miembe, mwambieni Mama kwamba nimesoma kwenye simu."

Halafu nikasikia miembe ikiambiwa kwamba yeye amelima maembe miaka arobaini, na simu haijalima hata moja. Sikufungua. Mtu wa sayansi hayumbishwi.

Ijumaa, 18 Julai

Sasa wako wanne! Mama mkwe ameita wenzake, wamekuja na sindano zao za kufumia na thamosi ya chai. Mmoja ni mama yake Gitobu! Jasusi, bila shaka. Kila mara mlango ukifunguliwa, hewa yangu ya Gachoka inatoroka kuelekea Timau.

Nimebandika kibao: MARUFUKU KUINGIA, MATUNDA YANAKUA. Wametundika shali zao juu yake.

Jumatatu, 21 Julai

Stima imepotea tangu asubuhi hadi alasiri. Nimechemsha maji, nikabeba madumu kumi na sita kutoka jikoni hadi mlangoni. Akina mama wanne wakayapokea, wakayakumbatia wao wenyewe. Miembe ikabaki inatetemeka.

Limebaki embe moja. Moja! Lakini ni kubwa, na shavu lake limeanza wekundu. Moja linatosha. Hata jua ni moja.

Jumamosi, 26 Julai

Nimelipiga pasi shati. Nimetafuta sahani ya kubebea embe. Saa tisa nikakohoa mlangoni ili Mama ajifunike, ndiyo desturi yetu sasa, nikaingia.

Tawi tupu.

Mama mkwe alikuwa na kisu. Mbele yake chumvi, pilipili, na kokwa. Wenzake watatu walikuwa wanalamba vidole. Igoki alikuwa amesimama kando analia, nami nikafikiri, angalau mmoja analia pamoja nami. Kumbe hapana. Mama yake amekula vipande vitatu, kisha akaitisha githeri. Akamaliza sahani. Akaitisha nyingine. Mara ya kwanza tangu Mei.

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Nyinyi miembe," mama mkwe akasema polepole, "mwambieni mkwe wangu lilikuwa chachu. Hata angengoja mwezi mzima, lisingeiva. Lakini lilikuwa la kwetu."

Nikaweka kokwa kwenye sahani yangu, nikafuta macho. Itakuwa ni ile pilipili.

Jumapili, 27 Julai

Nilipeleka kokwa. Kwenye sahani. Kanisa zima lilicheka, hata mchungaji alijificha nyuma ya Biblia. Kabichi ya Gitobu ilikuwa kubwa kama mbuzi, ikashinda.

Baada ya ibada Gitobu akanivuta kando. Nikajikaza nikisubiri dhihaka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama yake anaweza kuendelea kuja mpaka baridi iishe. Eti tangu aanze kuota joto kwangu, magoti hayamsumbui, na juzi alitembea mpaka kisimani bila mkongojo. Mchungaji naye akaja. Kuna wazee wengine saba wanaoteswa na baridi, akasema, na kanisa lina mabenchi ya kuwaletea. Igoki akanishika mkono mbele ya watu wote, akasema hiki ndicho kitu kizuri zaidi nilichowahi kujenga.

Watu walipanga foleni kunisalimia! Mimi, Kaberia!

Jumatatu, 28 Julai

Sikulala kwa furaha. Watu wote hawa, na wote wanazungumzia jambo moja: joto langu! Mwishowe nimeelewa wanachoniambia.

Minazi!

Embe lilikuwa wazo dogo. Nimepiga simu Kilifi asubuhi hii, miche kumi itafika Alhamisi. Nimewaambia akina mama waondoke kabla ya Jumatano, na mabenchi ya kanisa yaliyoletwa jana jioni yarudi kanisani, yanaziba njia. Mama mkwe ameongea na miembe kwa muda mrefu sana. Sikusikia vizuri, nilikuwa juu ya ngazi napima paa.

Paa ni mita tatu. Mnazi, nimesoma, hufika mita ishirini. Hilo nitalishughulikia likifika.