Dude la Zipu Limeniponza

Jamani, leo sina uso wa kutazama watu. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya nusu ya kijiji cha Songambele, na nina hasira kweli.

Mnajua hali yangu. Jumapili ijayo napeleka rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa kina Domitila mchumba wangu, baba yake anipe tarehe ya ndoa. Siku hiyo nimeihangaikia tangu mavuno ya kahawa. Na mnajua adabu ya kwetu: mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hata mkono hampi! Mimi na Mama Evarist, mama yake Domitila, tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. (Kila siku ni mimi. Mashati yangu yote yana utomvu.)

Basi. Wiki nzima Bwana Swaleh, yule mwenye duka la vitenge, amekuwa akipita na kipaza sauti. "Jumapili baada ya ibada! Video ya kutisha! Dude limeshuka kutoka nyota za mbali! Mwenye moyo mdogo abaki kwake!"

Evarist, kaka yake Domitila, akanitazama. "Muramu, shemeji yangu, utaweza kweli?"

"Mimi? Mimi nimewahi kulala msituni peke yangu." (Nililala kweli. Nilikuwa nimelewa.)

Leo tukaingia kwenye ghala la kahawa la Bwana Swaleh. Watu wamejaa, wanaume mbele, wanawake nyuma, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Jenereta ikaunguruma nje. Filamu ikaanza.

Ndugu zangu! Hicho chombo cha kutoka nyota za mbali ni kifuniko cha sufuria. Kinaning'inia kwenye uzi, na uzi unaonekana! Tukasubiri dude. Wazungu wanaongea tu sebuleni, wanakunywa chai, wanaongea tena. (Tungetaka kutazama watu wakinywa chai tungebaki majumbani kwetu.) Hatimaye dude likatoka kichakani, manyoya tele, linajikwaa. Likageuka. Mgongoni lina zipu.

"Zipu!" nikapiga kelele. "Bwana Swaleh, hilo dude lako limeshonwa kwa fundi gani?"

Ghala zima likacheka. Kule nyuma mama mmoja akacheka kuliko wote, kicheko cha kujizuia, cha kuzibwa kwa khanga. Kikanivimbisha kichwa.

"Bwana wee, tulia," akasema Bwana Swaleh gizani. "Utamu uko mbele."

"Mbele wapi? Hata kuona hatuoni, mwanga unaingia nyuma huko!"

Ilikuwa kweli. Blanketi la dirisha la nyuma lilikuwa limechomoka upande mmoja.

"Si wewe fundi? Nenda kalitengeneze."

Nikaenda, nimenuna. (Mimi natengeneza baiskeli za watu mpaka wa Bugomora. Blanketi ni kitu gani?) Nikalining'iniza kwenye msumari, giza likawa totoro. Sikurudi mbele. Nikakaa papo hapo chini ya dirisha, mwisho wa benchi, niendelee kulitukana dude kwa nafasi. Nikasema lina tumbo la mgambo. Mama aliyekuwa pembeni yangu akacheka. Nikasema hata kuku anayeatamia hawezi kulikimbia. Akacheka mpaka akapaliwa. Nikawaza, huyu mama ana akili kuliko wote humu ndani.

Mara jenereta ikazimika. Giza. Kimya. Na kitu kizito, chenye manyoya, kikanishukia kichwani na kunifunika mpaka mabegani.

Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka sauti yangu tu.

"Maawe! Dude! Limenishika! Maawe, nakufa!"

Nikaruka. Nikamkumbatia mtu wa kwanza niliyemgusa, kwa mikono na kwa miguu, nikang'ang'ania. Nasikia watu wananiambia nitulie, nami nazidi kubana.

Kisha mtu akanifunua kichwa. Alikuwa Evarist.

"Muramu," akasema taratibu, "shuka."

Dirisha lilikuwa wazi na jua lote linanimulika mimi. Lile dude lilikuwa blanketi. Lile lile nililolitundika kwa mkono wangu mwenyewe! Na mimi nilikuwa mapajani mwa Mama Evarist, nimemkumbatia shingoni.

Maskini, yule mama wa pembeni yangu alikuwa yeye, amebanwa kati yangu na ukuta muda wote ule. Hana pa kupita, na kunisemesha ni mwiko.

Mama Evarist akajifunika khanga uso mzima, akageukia ukuta. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mama wa watu, ndoa imekufa, rubisi nitakunywa peke yangu. Kumbe anacheka! Basi hapo ndipo watu walipoanguka chini kwa kicheko.

Jioni hii Evarist amekuja kwangu na majibu.

"Baba anasema rubisi ulete, tarehe utapewa. Ila uongeze mbuzi wa kuosha aibu."

"Na mama?"

"Mama hana kinyongo. Siku hiyo atakaa chumba cha ndani, mlango utafungwa kwa komeo. Anasema dude lisije likakushika tena."

Nimeshukuru Mungu. Hasira ilikuwa imeanza kushuka, naapa. Ndipo nikasikia kipaza sauti cha Bwana Swaleh kinapita barabarani.

"Kesho tena! Video iliyomrusha fundi baiskeli mapajani mwa mkwewe! Njooni mapema!"

Na watu wanakimbilia kuweka nafasi! Jamani, nawaomba, msiende. Si kwa ajili yangu, mimi nimeshachekwa, yameisha. Ila ile filamu ni mbaya!