Mlinzi Mkuu wa Maneno ya Siri

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepanda cheo. Nimejipandisha mwenyewe, lakini cheo ni cheo. Kuanzia asubuhi hii mimi ni Mlinzi Mkuu wa Maneno ya Siri wa studio yetu ya picha. Mdogo wangu, mwenye studio, alisema sawa kaka, huku akifuta lenzi na wala hakuniangalia. Sawa ni sawa.

Tulikuwa tumekaa uchi! Neno la siri la kompyuta: jina la studio. La diski ya picha: jina la studio. La barua pepe: jina la studio na moja mbele yake. Nimeweka programu inayotunza maneno yote mahali pamoja, kwenye simu zetu zote. Naiita Kasha. Ukishalijua neno kuu moja, mengine Kasha linakukumbukia. Na neno kuu ninalijua mimi tu. Nimelichagua kwa raha zangu, na hapa siliandiki.

Diski nimeipa neno lililotungwa na Kasha lenyewe, herufi na tarakimu zimechanganyika, refu kama treni. Hata mimi siwezi kulikariri. Ndio uzuri wake.

Kisha Fundi Taa akaniharibia siku. Huyu ndiye anayepanga taa na kubeba stendi, na wateja wanampenda bila sababu. Nilimsomea neno la diski, akalinakili kwa kalamu kwenye kiganja chake. Kiganjani! Nikamwambia kiganja hakina ulinzi wowote. Akajibu kwamba kiganja chake hakijawahi kukosa mtandao. Watu wote wakacheka. Watu wote ni mdogo wangu. Iliniuma vilevile.

Mimi ndiye mkubwa. Ni mimi niliyemfundisha huyu binti kufunga kamba za viatu. Sasa nalala chumba chake cha nyuma na kula chakula chake. Lazima nionekane nina kazi.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimetangaza usafi wa viganja. Nilichukua spiriti ya kusafishia vifaa, nikamsugua Fundi Taa mkono mpaka herufi zikatoweka. Alinyoosha mkono kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Hakubisha. Nilitaka abishe.

Mchana akapiga simu bi harusi, yule wa Jumamosi. Sauti ilikuwa ya kulia. Bibi yake hakufika harusini, yuko hospitali amelazwa chali kwa sababu ya macho. Alhamisi asubuhi anapasuliwa. Daktari amesema atajitahidi, lakini hawezi kuahidi ataona nini baada ya hapo. Bibi ana ombi moja tu: amwone mjukuu wake ndani ya gauni kwa macho haya aliyonayo sasa. Wodini hakuna mtandao, kwa hiyo bi harusi anaomba neno la siri la ukurasa wetu wa picha ili apakue picha kwenye simu, aende nazo.

Hapo ndipo Mlinzi Mkuu anapoonekana! Maneno ya siri hayatumwi ovyo ovyo. Kasha linatengeneza linki salama, inafunguka mara moja tu halafu inakufa. Nikaitengeneza. Kabla ya kuituma nikaifungua, kuhakikisha inafanya kazi. Ilifanya kazi. Nikaituma.

Bi harusi akasema haifunguki. Nikatengeneza nyingine, nikaihakiki kwa makini zaidi, nikatuma. Haifunguki. Ya tatu niliihakiki mara mbili. Mara ya pili ilikataa, nikaona sasa kweli ni salama, nikatuma.

Jioni nilielewa. Kila linki niliiua mwenyewe. Nilipompigia, simu yake ilikuwa imezimwa. Nimemwambia mdogo wangu kwamba simu za siku hizi ni mbovu.

Jumatano, 5 Machi

Fundi Taa kaja na wazo. Tuchapishe picha moja kubwa, ampelekee Bibi mkononi. Wazo la kawaida kabisa, mtu yeyote angelipata, ila mimi sikulipata. Nikamwambia picha ya karatasi haina neno la siri, kila anayepita koridoni ataiona. Akasema ndiyo maana ya picha. Mashine ya kuchapisha niliifunga tangu Jumatatu kwa neno ninalolitoa mimi. Sikulitoa. Nilikuwa na sababu za kiusalama. Hapa kwenye shajara naweza kusema ukweli: sababu ni kwamba wazo halikuwa langu.

Mdogo wangu aliporudi akaamua mwenyewe. Kesho asubuhi tutakwenda sote hospitali na kompyuta na diski. Akaniuliza kama Kasha linafunguka pasipo mtandao. Nikajipiga kifua. Nikamwambia nimesoma maelezo: Kasha linaweka nakala ndani ya simu, hata ukiwa kisimani unasoma. Akanitazama kwa shukrani. Miaka mingi sijaona macho yale. Nusura nitokwe na machozi.

Jioni nikawaza wezi. Hospitali ina watu wengi, simu huibwa. Nikabonyeza pale palipoandikwa "Toka kwenye vifaa vyote". Sasa hata wakiiba simu zote hawapati kitu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyefanya kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nitaandika yote.

Maelezo ya Kasha yana mstari mwingine chini ya ule niliousoma. Unasema ukilifunga tu, nakala inabaki. Ukitoka kabisa, nakala inafutika, na kurudi ndani kunahitaji mtandao.

Wodi iko chini kabisa, upande wa nyuma, kuta nene. Bibi alikuwa amelala chali, kichwa katikati ya mito miwili. Bi harusi amemshika mkono. Muuguzi akasema fanyeni upesi, wanamchukua sasa hivi. Bibi akasema yeye hana haraka ya kupasuliwa, ana haraka ya kuona gauni. Tukacheka. Hata mimi nilicheka.

Mdogo wangu akaweka kompyuta karibu na uso wa Bibi. Diski ikaomba neno. Akafungua Kasha kwenye simu yake, Kasha likamwambia aingie upya, na kwamba mtandao hakuna. Akajaribu tena. Kisha akanigeukia na kuniuliza polepole, kaka, umefanya nini.

Nikaeleza habari za wezi.

Sote tukatazama kiganja cha Fundi Taa. Safi! Imebaki herufi moja tu karibu na kidole gumba. Angenitukana ningepata nafuu.

Nikapanda ngazi mbio, Fundi Taa nyuma yangu. Barazani mtandao upo, na mabenchi yamejaa watu wanaosubiri dawa. Vidole vikagoma. Nikakosea neno kuu, nikakosea tena. Fundi Taa akaichukua simu, akasema nimtajie neno, yeye ataandika.

Neno kuu! Nikamwambia aniachie tu. Akasema Bibi anasubiri.

Nikamtajia kwa kunong'ona. Hakusikia, gari la wagonjwa lilikuwa linaingia. Nikapandisha sauti kidogo. Hakusikia. Basi nikapiga kelele: Fundi Taa Ni Mzigo Studio. Benchi zima likageuka. Akaniuliza, macho kwenye simu, kama Mzigo ni kwa herufi kubwa. Nikasema ndiyo. Akaandika. Akauliza kama limeishia hapo. Nikamwambia kuna alama ya mshangao.

Kasha likakubali. Kisha likasema limetuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mdogo wangu. Huo nao ulikuwa mpango wangu. Simu ya mdogo wangu ilikuwa chini, kwenye kuta nene. Nikashuka, nikaichukua, nikapanda. Namba ikaingia, lakini muda wake ulikuwa umekwisha. Tukaomba nyingine. Simu ikawa imejifunga, inataka kidole cha mwenyewe. Nikashuka kumwita mwenyewe. Tukapanda wote. Hatimaye neno la diski likatokea. Fundi Taa akanipa kalamu bila kuombwa, nikaliandika kwenye kiganja changu, nikashuka mbio.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Mdogo wangu aliliandika lile neno hata hivyo, sijui kwa nini. Diski ikafunguka. Bi harusi akatokea anacheka, gauni limejaa kioo kizima, mbele ya mito miwili iliyobonyea katikati. Bi harusi wa kweli aliitazama kidogo, akaifunika kompyuta taratibu. Akaniambia ahsante kwa kukimbia, kaka.

Nilitamani sakafu ipasuke. Njia nzima ya kurudi niliukunja mkono wenye wino mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu ina uzito wake. Leo nimeshindwa kuinua kichwa hata kunywa chai. Mdogo wangu aliniwekea chakula, akakifunika, akaenda zake. Kama angekigonga mezani ningejua pa kuanzia.

Nilimwomba radhi Fundi Taa kuhusu lile neno kuu. Nikamwambia lilikuwa la kiufundi tu. Akasema amelielewa hivyo hivyo. Kisha akaomba neno la mashine ya kuchapisha, nikampa kabla hajamaliza sentensi. Amechapisha picha kubwa kama mlango. Nimemsaidia kukunja karatasi. Alisema tunaikunja kama mkeka, hatuikunji kama barua. Niliifungua, tukaanza upya.

Jumamosi, 8 Machi

Wamemfungua Bibi bandeji. Jicho moja halioni kitu. Jingine anasema anaona kama yuko nyuma ya pazia.

Fundi Taa akaitandaza picha kitandani. Bibi akashusha uso mpaka pua ikakaribia karatasi, akaanza kuitembelea kidogo kidogo. Akapata kiatu. Akapata mkono. Akapata uso, akakaa hapo muda mrefu. Akasema umependeza mama, ila wamekujaza poda. Bi harusi akacheka na kulia papo hapo. Kisha Bibi akauliza mkanda wa kiunoni ni wa rangi gani. Akaambiwa. Akaitikia kwa kichwa. Rangi hazimfikii tena, na Alhamisi zilikuwa zikimfikia. Nililijua hilo, na kila mtu chumbani alijua kwamba ninalijua.

Nilikuwa nimejibanza mlangoni. Bibi akauliza yuko wapi yule mtu wa viatu. Akasema siku ile, amelala pale, alisikia viatu vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, akamsihi muuguzi asubiri kidogo, huyo mtu asije akavunjika mguu kwa ajili yake. Muuguzi akasubiri mpaka akaitwa mara ya pili. Nikasogea. Akanipapasa mkono, akaniambia pole kwa usumbufu, mwanangu.

Pole! Mimi! Nikatoka nje, nikalia nyuma ya tangi la maji. Fundi Taa akanikuta huko. Akajifanya anatafuta choo.

Jumatatu, 10 Machi

Mdogo wangu ameniita ofisini na kufunga mlango. Nilijua nafukuzwa. Nilikuwa nimeshakunja nguo zangu.

Hakunifukuza. Akasema neno kuu la zamani linajulikana na nusu ya wagonjwa wa mji, kwa hiyo ametunga jipya: maneno mengi marefu, yasiyomtaja mtu yeyote. Yeye mwenyewe hajalikariri wala hataki. Ameliandika kwenye karatasi moja tu. Akanikabidhi ile karatasi kwa mikono miwili, akaniambia niitie kwenye bahasha, niiweke droo ya chini, mahali ambapo sote tutaifikia hata siku Kasha likitugomea. Akasema, kaka, nakuamini bado. Niliitikia kwa kichwa kama mtoto.

Nimeapa. Sitamwaibisha tena huyu binti. Safari hii nimefikiri kabla ya kutenda.

Droo ya chini! Droo ile haina hata kitasa. Fundi Taa huweka viatu vyake humo. Jambo zito namna hii halikai na viatu. Kwa hiyo nimeketi na ile karatasi, nikayaandika maneno yote, herufi kwa herufi, mahali salama kuliko pote: ndani ya Kasha lenyewe. Nikahakiki mara tatu. Kisha karatasi nikaipitisha kwenye kisu cha kukatia picha, ikawa nyuzi nyuzi, na nyuzi nikazimwagia maji.

Mwisho nikabonyeza "Toka kwenye vifaa vyote", nikaanza na simu yangu.

Bahasha nimeiacha droo ya chini, tupu, kuwachanganya wezi. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nimekula nikashiba. Kesho asubuhi nitamwonyesha mdogo wangu, afurahi.