Fasili ya Samani

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Mpangilio wa Maarifa inautangazia umma kwamba tangu mwezi uliopita hakuna kitu nchini ambacho hakijulikani ni kitu gani. Meza inajulikana kuwa ni meza. Mbuzi amethibitishwa. Mliokuwa mkiishi kwa kukisia, sasa pumzikeni.

Mimi ni Naibu Mkurugenzi, Kitengo cha Mahusiano ya Vitu, na nimeona nieleze mwenyewe jinsi kazi ilivyofanyika, maana mitaani maneno yamekuwa mengi.

Zamani maarifa ya taifa yalikuwa yametupwa tu mtandaoni, kila moja na lake. Ukitafuta daraja, unaletewa picha za harusi ya watu usiowajua waliosimama darajani. Sisi tukaleta nidhamu. Kila jambo liandikwe kwa vipande vitatu: nani, amefanya nini, kwa kitu gani au kwa nani. Ng'ombe – amekula – nyasi. Kompyuta inavisoma vyote, inaviunganisha, kisha inafikia uamuzi wake bila kumsumbua mtu yeyote mwenye akili.

Kazi ngumu ilikuwa fasili. Ya samani peke yake ilikula wiki kumi na moja na warsha tatu, na Mkurugenzi aliisimamia mwenyewe hadi nukta ya mwisho: samani ni chochote chenye miguu, kinachokaa mahali pamoja katika ofisi ya umma au mlangoni pake kwa zaidi ya saa sita kwa siku, na ambacho hakuna kazi iliyoandikwa kwamba kimeifanya. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga nikiwa nimesimama.

Jumatatu mfumo ukawashwa. Jumanne ukatoa orodha ya samani za jengo letu: viti mia mbili na sita, meza tisini, na fundi viatu wa pale getini.

Fundi ni mama wa makamo. Ana miaka ishirini na miwili kwenye kibanda kile, na watoto wake wamesomeshwa na gundi na uzi. Alipokea notisi kwamba Ijumaa atapelekwa bohari pamoja na viti vibovu, na kibanda kivunjwe. Akapanda ngazi hadi ghorofa ya tisa, kwa kuwa lifti ilikuwa imeshaingizwa kwenye mfumo ila bado haijatengenezwa.

"Bosi," alisema akihema, "nimeambiwa mimi ni kiti."

"Si kiti, mama," nikamtuliza. "Ni samani, aina nyinginezo."

"Nina wajukuu."

"Mfumo haukatai. Hata meza kubwa huwa na vimeza vyake."

"Mimi nafanya kazi. Hicho kiatu ulichovaa nimekishona juzi."

Nikakitazama. Kusema kweli kilishonwa vizuri. "Imeandikwa wapi?"

"Imeandikwa kwenye kiatu."

Nilimwonea huruma, lakini huruma haina safu kwenye jedwali letu. Nikamwita fundi wetu wa kompyuta, ambaye jengo zima linamwita Waya.

"Mama, usihangaike," Waya akamwambia. "Waambie wateja wako waingie kwenye tovuti waandike. Vipande vitatu tu. Mashine ikisikia kuna kitu umefanya, inakutoa yenyewe."

"Na wasipoandika?"

"Ijumaa unabebwa."

Mama wa watu akashuka ngazi polepole. Nadhani hakulala siku hiyo, na mimi nilikula chakula cha mchana bila hamu.

Alhamisi wateja wakaandika. Muuguzi mmoja, mwalimu, makonda, mabibi harusi wawili. Fundi – alibadilisha – soli. Fundi – alirudisha – kisigino changu. Mmoja aliandika: Fundi – aliokoa – ndoa yangu; Waya akataka ushahidi, akaletewa buti. Hadi jioni taarifa zilifika mia nane thelathini na moja. Ijumaa asubuhi mfumo ukamhamishia kwenye kundi la watu. Fundi alisoma kioo cha kompyuta mara mbili, akafuta macho kwa aproni, akarudi kibandani kwake.

Lakini mashine haina upendeleo. Ilipohesabu upya, ilihesabu jengo zima, safari hii hadi ofisi za wakuu. Orodha mpya ikatoka saa nne: viti mia mbili na sita, meza tisini, na Mkurugenzi.

Mkuki kwa nguruwe. "Waya, nitoe humu," alisema Mkurugenzi.

"Nipe kazi moja tu, mzee. Moja inatosha."

Tukatafuta. Tulikuta taarifa arobaini na moja za Mkurugenzi – alihudhuria – semina. Kwa bahati mbaya, kwa fasili yetu, kuhudhuria ni aina ya kuwepo, na kuwepo hata kabati linaweza. Tukakuta Mkurugenzi – aliagiza – ripoti, ila mfumo ulikuwa umeshampa sifa hiyo karani aliyeiandika.

"Basi leteni fomu, nasaini nijitoe."

Waya akakohoa. "Samani haisaini, mzee. Kifungu chako mwenyewe, ukurasa wa pili."

Mkurugenzi alikataa kuondoka kwenye kiti chake, jambo ambalo halikumsaidia. Wabebaji wanne wakamshusha pamoja na kiti, ghorofa zote tisa, akitoa maagizo kila kona ya ngazi. Mtunza bohari alimzunguka mara moja, akajaza daftari la mapokezi: kimoja, kizima, kinaongea.

Mimi nilinusurika kwa sababu sikai mahali pamoja. Saa nne huwa natafuta chai, saa sita natafuta aliyeniahidi chai. Lakini Waya ametutangazia kwamba kila Ijumaa mashine itahesabu tena, na sasa ukikaa mahali pamoja zaidi ya saa mbili tu, badala ya sita, umekwisha.

Ndiyo maana siku hizi ukija ofisini kwetu utakuta milango wazi na vyumba vitupu. Wakuu wa vitengo wote tuko getini, kwenye foleni, kwa adabu. Fundi humpa kila mmoja wetu msumari mmoja wa kupigilia kwa siku. Hazidishi, anasema viatu ni vya watu.

Jana zamu yangu ilipofika nilivua koti, nikashika nyundo, nikapiga.

"Umepinda huo, bosi," alisema Fundi.

"Lakini utaandika?"

Alinitazama juu hadi chini, akachukua simu yake, akaandika kwa kidole kimoja: Naibu – alipindisha – msumari.

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Katika miaka yangu kumi na tisa ya utumishi wa umma, hilo ndilo jambo la kwanza nililothibitishwa kulifanya.