Malalamiko Kuhusu Lori Lililoniambia Nikapumzike

Kwa Mhariri,
Jarida la Jumuiya ya Waswahili,
Sydney Magharibi.

YAH: TANGAZO LAKO LA MAONYESHO YA MAGARI

Ndugu Mhariri,

Natumaini wewe na familia yako hamjambo. Mimi nina mgongo unaouma na heshima iliyopungua, na vyote viwili nimevipata kwa sababu yako.

Katika toleo la mwezi uliopita, ukurasa wa tatu, chini ya picha za ubatizo, ulitangaza maonyesho ya malori mapya na magari ya michezo hapa Sydney, kisha ukaandika: "Wote mnakaribishwa." Neno hilo "wote" ndilo lililoniponza. Ungeandika "wote isipokuwa Zakayo wa St Marys", ningebaki nyumbani nikapiga pasi mashati yangu ya kanisani.

Huenda hunifahamu. Nina miaka hamsini na saba. Kwetu Tanzania niliendesha lori kwa miaka kumi na tisa, kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Lubumbashi na kurudi. Hapa Sydney naendesha foklifti, kigari cha kuinulia mizigo, kwenye ghala moja kule Wetherill Park, huu mwaka wa sita. Kila anayeniuliza kwa nini siendeshi lori namjibu kwamba malori ya Australia ni laini mno, yanaharibu mkono wa dereva. Nimelisema jambo hilo kanisani, nimelisema harusini, na mara moja nililisema msibani, marehemu akiwa bado hajazikwa. Watu walikuwa wameshaniamini. Ndipo tangazo lako likatoka.

Nilikwenda Jumamosi na mke wangu Domina, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee kwenye makao yao kule Fairfield. Tuliongozana na jirani yetu Gitau, Mkenya, mhasibu, mtu ambaye hajawahi kushika spana maishani lakini ana maswali mengi. Yaliyonipata nayapanga kwa namba ili usipate pa kujificha.

1. Gari la michezo limekaa chini kuliko inavyostahili binadamu mwenye magoti. Lilikuwa jekundu, linang'aa, na mhudumu alitwambia ruksa kukaa ndani. Kuingia hakukunipa shida, nilijiachia tu nikaanguka kwenye kiti. Kutoka ndiko kulikonishinda. Nilitoa mguu mmoja, ukabaki peke yake huko nje kama umesahauliwa. Nilijaribu mara tatu. Gitau akainama dirishani akaniuliza, "Mzee, sasa unatoka ama unaingia?"

Domina akamkabidhi mkoba wake, akasogeza watu pembeni kwa sauti ile anayoitumia kazini.

"Zakayo, mikono kifuani. Usinishike shingo. Nikifika tatu unaegemea mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu."

"Mimi si mgonjwa wako."

"Wote husema hivyo. Moja, mbili..."

Nikatoka. Watu wakapiga makofi. Kabla sijakung'uta suruali vumbi, mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa ndani ya gari la buluu lililokuwa pembeni yetu akanyoosha mkono, akamwomba Domina amsaidie na yeye. Baada yake akaja wa tatu. Mke wangu aliopoa wanaume watatu siku ile, Ndugu Mhariri, na waandaaji hawakumpa hata maji ya kunywa.

2. Lori jipya halina ufunguo. Tulipofika upande wa malori nilijisikia nimerudi nyumbani, nikaanza kutembea kwa kutanua mabega. Gitau alikuwa ameshanitangulia, anamsimulia binti wa kwenye banda kwamba huyu mzee unayemwona amevuka Afrika kwa lori. Binti akafurahi kweli, akanifungulia mlango wa lori kubwa kuliko yote. Nikapanda ngazi nne bila kusaidiwa na mtu, naomba hilo uliandike. Nikakaa.

"Washa basi, mzee, tusikie injini," Gitau akasema kutoka chini.

Nikatafuta tundu la ufunguo, hakuna. Mkono wangu wa kushoto ukaenda kwenye gia wenyewe, maana kwa miaka kumi na tisa ulikuwa unajua pa kwenda, ukapapasa hewa, kisha ukashika chupa ya maji ya yule binti. Mguu wa kushoto ukakanyaga klachi ambayo haipo. Nikageuka nitazame kioo cha pembeni, nikakuta televisheni ndogo, na ndani yake kulikuwa na Gitau akinipungia mkono. Niliwaambia kwamba hayo yote nilikuwa nayajua, nilikuwa nakagua tu.

3. Lori hilo lina kitanda. Nyuma ya kiti kuna godoro nene, friji, na taa ya kusomea. Mimi nimelala siku kumi na moja chini ya tela mpakani Kasumbalesa, mvua inanyesha, kichwa nimekiweka kwenye tairi la akiba, pamoja na utingo wangu Akilimali. Siku ya tisa Akilimali alishikwa na malaria, nikamfunika kwa turubai la mzigo kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Alipona. Lakini mpaka leo akinipigia simu kutoka Tunduma huniuliza kama na mimi bado nasikia harufu ya lile turubai.

Nalalamika kwamba godoro limechelewa. Sina la kuongeza hapo.

4. Lori lilinisema mbele za watu. Nikiwa nalitazama lile godoro nilifumba macho. Sababu za kufumba ni zangu. Kumbe juu ya usukani kuna kamera inayomchunguza dereva. Sauti ya mwanamke ikatoka, ya upole, kwa Kiingereza safi, ikasema kwamba naonekana nimechoka, tafadhali nisimame mahali salama nikapumzike. Lori lenyewe lilikuwa limesimama juu ya zulia.

"Hata gari imejua," Gitau akasema, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, hata wasioelewa Kiswahili.

Domina hakucheka. Alipanda zile ngazi, akafunga mlango, akakaa kiti cha pili. Akatoa kitambaa akanifuta uso. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukurudia ule mtihani?"

Sehemu hii nakuomba usiichapishe. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifanya mtihani wa leseni ya malori makubwa, nikafeli. Mtahini aliandika sababu saba, na ya saba ilikuwa kwamba nilikuwa natetemeka. Nilikunja ile karatasi nikaitia kwenye kiatu, na tangu siku hiyo nikaanza kuwaambia watu kwamba malori ya hapa ni laini. Domina alijua. Miaka yote hii alinisikiliza nikisema hivyo mezani kwa wageni, na kila mara alinyanyuka kwenda kuongeza chai.

"Nimezeeka," nikamwambia.

"Leo nimewatoa watatu kwenye vile vigari," akasema, "na wewe ndiye uliyekuwa mwepesi kuliko wote."

Tulikaa humo mpaka binti alipogonga dirisha kwa adabu akasema foleni imefika mlangoni.

5. Kwa hayo yote, nadai yafuatayo. Jarida liombe radhi, ukurasa wa mbele, kwa herufi nene. Watengenezaji wa magari ya michezo wainue viti, au kila gari liuzwe pamoja na mhudumu wa wazee. Watengenezaji wa malori duniani kote wasimamishe kazi kwa miaka kumi na tisa, ili nipate muda wa kuwafikia. Na kama hilo litawawia gumu, basi kwenye maonyesho yajayo waweke lori moja la zamani, lenye klachi na tundu la ufunguo, juu ya zulia, chini ya taa, wazungushie kamba, na mimi wanikalishe ndani yake, watoto wa shule waje kututazama sote wawili kwa pamoja.

Nakuachia hapo kwa kuwa mgongo hauruhusu zaidi. Nisalimie mama watoto, mwenyekiti na katibu wa jumuiya, kwaya yote, sauti ya tatu hasa, na yeyote aliyekuandikia lile tangazo, mwambie namtafuta kwa amani.

Ni mimi, msomaji wako mwaminifu na majeruhi,

Zakayo,
St Marys.

Tanbihi: Barua hii niliiandika Jumanne nikakosa stempu. Alhamisi Domina alinipakia garini akasema tunakwenda dukani, tukaishia kwenye uwanja wa chuo cha udereva wa malori. Mwalimu ni mama wa Kikongo, anaitwa Lydie, mfupi, ana koti la njano linalomfika magotini. Sikuwa nimemaliza kumweleza historia yangu aliponikatiza, "Papa, hayo utanielezea njiani. Panda, tuende." Nikapanda. Nilitetemeka mpaka taa za barabarani za kwanza. Za pili sikuziogopa, na baada ya hapo nilikuwa namsimulia habari za barabara ya Tunduma, naye ananiambia, "Papa, angalia mbele."

Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu nayafuta, na yale madai usiyatume popote, hasa lile la miaka kumi na tisa. Linalobaki ni hili tu: saa moja ya somo ni fupi mno. Nitakosa kikao cha jumuiya cha Jumamosi; mimi na Lydie tunapandisha lori milimani kwenda Katoomba, na nimeambiwa niwahi.