Jeshi Langu la Simuni

Jumanne, 15 Oktoba

Nimejitosa! Nagombea uenyekiti wa kitongoji kupitia chama chetu. Mara ya tatu hii. Mara ya kwanza nilishindwa na Orwa akiwa mzima. Mara ya pili nilishindwa na Orwa akiwa hoi kitandani. Sasa mwenyekiti Orwa amekufa, Mungu amrehemu, nikajua njia nyeupe. Kumbe Bernadetha naye anakitaka kiti! Mjane, muuza dagaa, ana simu ya kitochi iliyofungwa raba. Nimecheka mpaka meno yangu yaliyobaki yakaogopa.

Mimi nina simu ya kupangusa. Na nina jeshi. Kundi la Wasapu, "Ogola Mbele kwa Mbele", watu mia tatu na ushee, wote moto. Elimu yangu iliishia darasa la tano, lakini humo wananiita Profesa. Nina miaka sabini na moja. Nisipokalia kiti hiki safari hii, kitakachofuata ni jeneza, na hilo halikaliwi, linalaliwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimepanda kichuguu nyuma ya zizi, ndiko mtandao unakoshika. Nikawauliza wanajeshi niseme nini Jumapili kwenye mkutano wa wanachama. Selestine, aliyeko Dar es Salaam, akasema wananchi wana kiu ya kusikia habari za gesi na bandari. Godwin, mtoto wa binamu yangu kule Migori, akasema Jaduong, mzee wangu, wagonge na katiba mpya, usirembe. Vidole gumba vikamiminika kama kumbikumbi baada ya mvua.

Okal tu ndiye aliyeharibu. Mtoto wa dada yangu, anaishi hapa hapa. Akaandika eti mjomba, hapa watu wanalia na njia ya kisimani, miiba inawachana mama zetu. Wakamrukia! Wakamwita mamluki. Selestine akataka kujua katumwa na nani. Watu wanaongea bandari, yeye miiba!

Ijumaa, 18 Oktoba

Msiba. Mama yake Mogesi, jirani yetu, amefariki. Kwetu msiba haungoji mwaliko: wanaume wanachimba kaburi na kupasua kuni, wanawake wanateka maji na kupika. Nilishashika jembe. Halafu wazo! Nikatupa jembe, nikapanda kichuguu, nikatuma rambirambi ndefu kundini yenye mshumaa na njiwa wawili. Amina zikashuka kama mvua ya mawe. Godwin akasema huyu sasa ndiye kiongozi anayegusa watu.

Jioni Dorka, mke wangu, amerudi ananuka moshi. Eti Mogesi aliuliza Mzee Ogola yuko wapi. Nikasema mwambie afungue simu. Akasema Mogesi hana simu ya kufungua. Nikasema hilo ni tatizo la Mogesi. Akaongeza kwamba Bernadetha ameshinda jikoni tangu asubuhi, anasonga ugali kwenye lile sufuria kubwa la kanisa. Nikasema ndiyo maana hana muda wa siasa. Dorka akaniangalia kama anavyomwangalia kuku anayetaga nje ya kiota.

Jumapili, 20 Oktoba

Mkutano, baada ya misa. Nilifungua na gesi. Mzee mmoja akauliza gesi ya kupikia au ya tumboni. Nikapuuza. Nikapanda bandarini. Mama mmoja wa kwaya akauliza huko bandarini tutafikaje, wakati kisimani tu hatufiki. Nikashusha katiba. Watoto walianza kulia, sijui nani aliwafinya.

Bernadetha akasimama. Hata hakukohoa. Alisema Jumanne tunafyeka njia ya kisimani, mwenye panga aje na panga, asiye na panga aje na uji. Akaketi. Vigelegele! Hotuba ya panga na uji!

Nikakimbilia kichuguuni kuripoti kwamba nimewafunika. Wakaniamini papo hapo. Hiyo ndiyo raha ya kukaa na watu wenye akili.

Jumanne, 22 Oktoba

Wamefyeka njia. Mimi nilikuwa na kikao. Selestine amenitengenezea picha: kichwa changu, suti na tumbo vya mtu mwingine. Nimependeza kupita kiasi. Okal alipita chini ya kichuguu na panga lake, akasema shikamoo mjomba, vipi, unashuka? Nikasema marahaba, niko kazini.

Jumatano, 23 Oktoba

Kura. Gidion, katibu wa tawi, akatangaza hakuna karatasi. Kila mwanachama asimame nyuma ya anayemtaka. Safi! Bernadetha aone aibu mchana kweupe. Nikasimama kifua mbele. Sikugeuka, kwa heshima, ili watu wajipange bila kusukumana.

Nikageuka. Okal. Na mbuzi.

Mstari wa Bernadetha ulizunguka ghala, ukapita choo, mkia wake sijauona hadi sasa. Mogesi yumo, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Na Dorka wangu yumo! Nikamuuliza kwa macho. Akanijibu kwa mdomo, watu wote wanasikia: eti Baba Akech, huku kuna kivuli.

Sikukubali. Nikatoa simu, nikaishikilia mgongoni, kioo kikitazama nyuma. Nikamwambia Gidion ahesabu vizuri: mia tatu na ushee wamesimama nyuma yangu. Akakuna kichwa. Akasema haya mzee, watoke humo mmoja mmoja, na kadi zao za chama. Nikampigia Godwin kwa video. Sura ikatokea, inapiga kelele, Ogola mbele kwa mbele! Gidion akamsalimia kwa adabu, akamuuliza kadi yake ni ya tawi gani. Godwin akasema, manze, mimi ni Mkenya, lakini nawasapoti sana. Watu walicheka mpaka mbuzi akahama.

Nikabaki na Okal.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimetafakari kwa kina, nimeliona kosa. Kwanza, kivuli. Mtu mwenye akili huchagua upande wa kusimama kabla jua halijapanda. Pili, kitongoji ni kidogo mno kwa mtu wa upeo wangu. Ng'ombe huwezi kumfuga kwenye tundu la kuku. Mwakani nagombea udiwani! Kata ni kubwa, watu wake wameelimika.

Nimepigisha kura kundini. Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Selestine kapiga mara mbili, ana laini mbili. Hapana ni moja tu. Okal. Eti mjomba, jana nilisimama peke yangu juani kwa ajili yako, safari hii tuanze kwanza na watu wa hapa.

Msaliti! Nimemtoa kundini. Sasa ni ndiyo mia kwa mia.