Malalamiko ya Mtunza Mafaili Dhidi ya Wanafunzi Watano Wenye Adabu

Kwa Mhadhiri wa kozi ya kujenga mifumo ya akili bandia kwa vikundi

Mheshimiwa Mwalimu,

Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Mimi ni mtunza mafaili wa hospitali, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Wanafunzi wako watano, waliokuja kwetu kufanya mradi wao wa muhula, wamenikosea kama ifuatavyo:

1. Walinisikiliza. Wiki mbili walikaa kando ya meza yangu wakiniuliza kwa nini faili hili liko huku na lile kule, wakaandika majibu. Hata mkuu wangu wa kazi hajawahi kunifanyia hivyo. Nikajikuta nimesema yote.

2. Walipiga picha majalada elfu tisa, wakaifundisha kompyuta kusoma miandiko ya madaktari. Miandiko hiyo nilikuwa naisoma mimi peke yangu. Ndiyo iliyokuwa heshima yangu.

3. Mfumo wao umegundua kwamba fundi cherehani mmoja ana mafaili matatu, kwa kuwa jina lake liliandikwa kwa namna tatu. Mimi nilimjua kama watu watatu, na wote nilishawazoea.

4. Zamani nilimwambia mgonjwa arudi kesho, naye alirudi bila maneno. Sasa faili linaonekana kabla hajamaliza kutaja jina. Bibi mmoja aliniuliza taratibu, "Mwanangu, kumbe siku zote lilikuwepo?" Nikainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

5. Ikifika saa nne asubuhi mabenchi ni matupu. Nasikia saa ya ukutani.

Kwa hiyo naomba kikundi hicho kipewe sifuri, mfumo ufundishwe kupoteza angalau faili moja katika kila kumi, na wanafunzi wa mwakani wapelekwe mahali ambapo hakuna anayefanya kazi.

Wasalimie wahadhiri wenzako, na hao watano pia, hasa yule mrefu wanayemwita Ngazi, aliyenipangia rafu ya chini nilipoumwa mgongo.

Wako niliyebaki na kiti tu,
Mtunza Mafaili

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani wiki nzima. Katikati ya wiki mfumo ulionyesha faili la mama yangu mzazi, ambalo nilimwapia daktari kwamba halikuwahi kufunguliwa. Mwandiko wa jalada ni wangu. Daktari amelisoma, akamwondolea dawa iliyokuwa inamdhuru, na leo mama ameoga bila kushikwa mkono. Wape alama zote. Tena uwaombe wapite chumba cha eksirei. Huko nako niliwahi kutunza picha miaka sita.