Kathodi ya Mama Profesa

Jumatatu, 4 Machi
Mama Profesa, mwalimu wetu, kalazwa tena. Mapafu. Maabara tumebaki mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, mtu anayetembea kama kabeba trei ya mayai. Mama katuachia swali moja. Betri ikichajiwa, ioni za lithi hutoka kwenye kathodi, ncha chanya ya betri, aliyoibuni yeye; ikitumika, hurudi. Je, zinarudi zote? Amelihangaikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Shemeji kaiweka betri kwenye mashine ya eksirei, anaichaji taratibu. Anasema jibu ni Jumamosi. Jumamosi! Na mgonjwa hali ile!
Jibu nitalipeleka mimi. Mapema.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji alipokwenda kula, nikaongeza umeme. Kidogo. Kisha kidogo tena. Ioni zikatoka mbio kama wanafunzi waliosikia kengele. Raha iliyoje! Aliporudi akauliza mbona betri ina joto. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Tulipoanza kuitumia betri, ioni zilirudi, zikarudi, zikakwama. Nyingine hazikurudi kabisa. Shemeji akaifungua, akaitia kathodi kwenye hadubini. Punje zimepasuka, nyufa tupu. Nilitamani anitukane. Wapi! Akaunda betri nyingine kimyakimya, akaanza upya. Taratibu vilevile.
Mke wangu kanitengea chakula bila neno. Ndugu hawa hupashana habari upesi kuliko umeme.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewahi hospitali kabla ya shemeji. Shati limepigwa pasi, uongo umeandaliwa. Mama kaushika mkono wangu. Vidole vyepesi kama karatasi.
“Zimerudi zote, mwanangu?”
“Zote, Mama.”
Akafumba macho, akatabasamu. Nikajiona mtu mwema. Kisha akafumbua jicho moja.
“Ulichaji kwa muda gani?”
“Siku moja tu, Mama!”
“Basi umeipasua.” Akacheka hadi kikohozi kikamzidi, muuguzi akanitoa nje. Mlangoni nikamsikia akisema nikakae na shemeji yangu, na nisiguse kitu.

Jumapili, 10 Machi
Mama ametutoka alfajiri. Shemeji kapokea simu akiwa amesimama mbele ya mashine. Hakuizima.

Jumanne, 12 Machi
Tumekaa bega kwa bega mbele ya skrini. Mstari unaohesabu ioni zilizotoka ukashuka polepole, ukafika pale ulipoanzia. Zimerudi. Zote! Shemeji akagusa kioo, akamwambia Mama kwamba zimerudi. Kisha, bila kunitazama, akasema kama lingetoka Jumamosi, jibu lingemkuta hai.
Nilitoka uani. Nililia kweli. Hakuna aliyekuwa ananiona.

Jumatano, 13 Machi
Mazishi. Shemeji aliombwa aseme machache, akaanza, akarudi kukaa. Nikasimama mimi. Nikasema Mama alitufundisha subira, na kwamba kuanzia leo nami ni mtu wa subira. Watu walifuta machozi. Mke wangu kanishika mkono, mara ya kwanza wiki hii.
Mkuu wa chuo alikuwa mstari wa pili. Kiti cha Mama kiko wazi, na shemeji kasema kwa sasa hana moyo wa kukifikiria. Maskini. Apumzike.
Ombi langu nimelituma kwa simu, palepale makaburini, watu wakiwa bado wanatupia udongo.